Dkt Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeisaka saratani ya watoto kwa gari kuukuu

JOTO, mvua na mbu ni mambo ambayo mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe huyazoea tangu utotoni. Kwa Dkt Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda, mambo hayo matatu yalikuwa ushahidi.

Katika ramani aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1960, Pwani ya Kenya na kingo za Ziwa Victoria zilikuwa ndani ya eneo la ugonjwa. Nairobi na nyanda za juu zenye baridi zilibaki nje.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya watoto ambayo hukua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wengi huvimba taya. Kwa wasichana, mara nyingi hushambulia ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, tena zote mbili kwa pamoja, ilhali saratani ya viungo hivyo ni nadra mno kwa mtoto.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Babake alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza ndege na kuchora ramani za makao yao, tabia ambayo bila shaka ilimwingia mwanawe. Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipoteza jicho la kulia kwa kupigwa jiwe.

Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mnamo 1935. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Ni vita vilivyomfikisha Afrika Mashariki: alihudumu Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mnamo 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira aligundua kwamba mabusha, maradhi ambayo watu wa Pwani wanayajua vyema, yaliwasumbua wanaume wengi upande wa mashariki wa wilaya lakini yalikuwa haba upande wa magharibi. Aliyachorea ramani. Baadaye ilidhihirika kwamba chanzo kilikuwa minyoo inayoenezwa na mbu.

Mnamo 1957, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake, Dkt Hugh Trowell, kumtazama mtoto aliyevimba pande zote mbili za taya, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, ameketi nyasini na mamake. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia.

Hapo ndipo alipoanza kufukua kumbukumbu za Mulago. Watoto waliokuwa wameandikishwa kwa maradhi mbalimbali, huyu taya, yule figo, mwingine ini au ovari, walikuwa wakiuawa na ugonjwa mmoja. Alichapisha taarifa hiyo mnamo 1958, na watu wachache sana waliijali.

Alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Fedha hazikuwapo. Kwa vijiruzuku alivyoviomba hapa na pale alichapisha vikaratasi vyenye picha na kuvituma kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza kama wameona wagonjwa wa aina hiyo.

Mnamo Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kuelekea kusini kwa gari kuukuu la Ford. Walisafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700.

Ramani ikajitokeza. Ugonjwa ulikosekana mahali palipo juu sana, palipo na baridi, au pasipo na mvua ya kutosha. Burkitt alihisi mdudu wa joto na majimaji anahusika.

Awali mwaka huo alikuwa ametoa mhadhara London, ambako mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza na kuomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alipata dola 45,000 kutoka Marekani kwa utafiti huo. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na sampuli ilipofika imechelewa, majimaji yake yalikuwa yamejaa seli hai. Kutokana na seli hizo, mnamo 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho kimo ndani ya miili ya watu wengi duniani. Kinachowatofautisha watoto wa ukanda ule, kama utafiti ulivyoonyesha baadaye, ni malaria ya mara kwa mara.

Burkitt hakungoja majibu hayo. Kisu hakikufaa na mashine za mnururisho hazikuwapo Uganda, hivyo alijaribu dawa, naye Dkt Peter Clifford akafanya vivyo hivyo Nairobi. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi moja au mbili tu, wakaishi miaka mingi. Wengine uvimbe ulirudi.

Alirejea Uingereza katikati ya miaka ya 1960 na kupata umaarufu mwingine kwa kuhimiza vyakula vyenye makapi. Huku nyuma, mnamo 1967, kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt. Majina ya watoto ambao vipande vya miili yao vilisafirishwa hadi London hayakuingia katika vitabu. Daktari huyo alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.