Nevil Shute: Mhandisi Aliyeuona Ufa

Nevil Shute Norway alizaliwa mwaka wa 1899 huko Ealing, magharibi mwa London. Utotoni alitatizwa na kigugumizi, na mwaka wa 1915 vita vikamnyang'anya kakake. Alisomea uhandisi Oxford, kisha akaingia katika uundaji wa ndege. Mchana alipiga hesabu. Jioni aliandika riwaya. Kwa kuchelea kwamba sifa ya utunzi ingemharibia kazi ya uhandisi, alizichapisha kwa majina yake mawili ya kwanza tu.

Mwaka wa 1924 alijiunga na kampuni ya Vickers, akaja kusimamia hesabu za R100, chombo kikubwa cha angani kilichoelea kwa gesi. Mwaka wa 1930 chombo hicho kilienda Kanada na kurejea salama. Oktoba mwaka uo huo, R101, kilichoundwa na serikali, kilianguka Ufaransa na kuwaua watu 48.

Mwaka wa 1948 alitoa riwaya ya No Highway. Mhusika wake mkuu, Theodore Honey, anashuku kwamba mkia wa ndege mpya utakatika kwa uchovu wa metali: mitikisiko midogo inayorudiwarudiwa huzaa ufa usioonekana, nao ufa hukua kimyakimya. Wengi wanamwona mwendawazimu. Anapojikuta abiria katika ndege iyo hiyo, anaiharibu makusudi ikiwa imetua ili isiruke tena.

Shute alihamia Australia mwaka wa 1950. Miaka minne baadaye, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilivunjika angani karibu na Italia, wakafa watu 56. Wachunguzi wa Farnborough waliizamisha Comet nyingine katika tangi la maji, wakaongeza na kupunguza shinikizo ndani yake mara maelfu, hadi bodi ikapasuka. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali. Haukuwa mkia kama katika riwaya, bali adui alikuwa yule yule.

Shute alifariki Melbourne Januari 1960. Leo watafiti hupaka juu ya bodi za ndege tabaka jembamba lipitishalo umeme. Ufa unapochipuka, mkondo hubadilika na hatari ikajulikana mapema. Rangi hiyo inafanya kazi aliyoifanya Honey, ila yenyewe haihitaji kuaminiwa kwanza. Waswahili, waliokwisha kuusia juu ya ufa na ukuta, hawatashangaa kwamba onyo hilo lilitoka kwa msanii.