Thomas Graham: Mtu Aliyetangulia Mashine ya Kusafisha Damu

Mama na mlezi, unapomsubiri mgonjwa wako akisafishwa damu kwa saa nne, muda huwa mrefu. Leo nikusimulie maisha ya mtu ambaye kazi yake imo ndani ya mashine ile.

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1805. Baba yake alitaka awe mchungaji wa kanisa, lakini kijana akapenda kemia. Wakakosana, baba akamnyima msaada. Mama yake ndiye aliyesimama naye.

Mwaka 1837 akawa profesa wa kemia London. Mwaka 1855 akapewa kusimamia kiwanda cha sarafu cha serikali, na utafiti wake hakuuacha.

Alitaka kujua vitu vilivyoyeyuka hupitaje kwenye maji. Mwaka 1861 alieleza jaribio lake: aliwamba karatasi laini inayofanana na ngozi kwenye pete, kama ngoma, akaieleza juu ya maji. Juu ya karatasi akamimina mkojo. Siku ya pili akayakausha yale maji ya chini, akapata yurea, takataka ambayo figo huitoa mwilini. Vitu vidogo kama chumvi na yurea vilipenya, vikubwa vikabaki juu. Njia hiyo akaiita dayalisisi.

Graham hakumtibu mgonjwa yeyote. Alifariki mwaka 1869. Ilipofika 1945, nchini Uholanzi, daktari Willem Kolff aliitumia njia hiyo kwenye mashine yake, akamwokoa mama wa miaka 67 ambaye figo zake zilikuwa zimegoma.

Graham alijua kilichopenya kwa kuyachunguza maji ya upande wa pili. Baadhi ya mashine za leo hufanya vivyo hivyo: humulika mwanga kwenye maji yanayotoka na kukadiria, muda wote wa matibabu, takataka kiasi gani zimeondoka. Pasipo na mashine za aina hiyo, damu hupimwa kabla na baada ya kusafishwa, kwa ratiba ya kituo.

Kwa hiyo zingatia haya:

- Usiombe mgonjwa atolewe mapema, wala asiruke siku yake. Potasiamu ikirundikana kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla.
- Akiumwa kichwa, akitapika, akikakamaa misuli au akichanganyikiwa akiwa kwenye mashine, mwite muuguzi hapo hapo. Huenda damu inabadilika haraka mno, au presha imeshuka.
- Uliza majibu ya yurea na potasiamu kila yanapotoka, uyaandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Yakibadilika, muulize daktari sababu.

Usione haya kuuliza. Wewe ndiye unayekaa naye nyumbani, na daftari lako linaweza kuonyesha tatizo kabla hajazidiwa.