Walter Lindrum: Mtoto wa mji wa dhahabu aliyefanya kanuni za biliadi zibadilishwe

Jioni mjini Mpanda, ukipita karibu na baa au kibanda chenye meza ya pool, utawakuta vijana wameizunguka. Mmoja kainama na fimbo, wengine wamenyamaza wakimsubiri akosee, maana akikosea ndipo zamu inapokuja kwao. Kila mcheza pool anaijua hofu hiyo: mwenzako asipokosea, wewe utabaki umeshika fimbo yako hadi mchezo uishe.

Mwezi Januari mwaka 1932, jijini London, hofu hiyo ilimkuta mchezaji bora kuliko wote Uingereza. Joe Davis alikaa kitini akimtazama mgeni kutoka Australia akipiga bila kukosea. Siku ya kwanza ikaisha mgeni akiwa bado kwenye zamu yake. Kesho yake akaendelea alipoachia. Alipokosea hatimaye, alikuwa amejipatia pointi 4,137 kwa zamu moja, baada ya karibu saa tatu za kupiga.

Mgeni huyo aliitwa Walter Lindrum. Hadi leo rekodi hiyo ya biliadi haijavunjwa. Lakini maisha yake hayakuwa ya ushindi tu. Ustadi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wasimamizi wa mchezo walibadilisha kanuni ili kumpunguza kasi, na mchezo alioupenda ulianza kupoteza watazamaji wakati yeye yuko kileleni.

Kuzaliwa machimboni

Walter Albert Lindrum alizaliwa tarehe 29 Agosti 1898 katika mji wa Kalgoorlie, magharibi mwa Australia. Wakazi wa Mpanda na Nsimbo wangeuelewa mji huo haraka. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa hapo mwaka 1893, na watu wakamiminika kutoka kila upande kutafuta riziki. Nchi ilikuwa kame, vumbi jingi na maji ya shida. Bomba la kuleta maji kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 500 lilifunguliwa mwaka 1903, Walter akiwa tayari na miaka minne.

Penye wachimbaji hapakosi sehemu ya kupumzikia, na katika miji ya dhahabu ya enzi hizo burudani mojawapo ilikuwa biliadi. Familia ya Lindrum iliishi kwa mchezo huo. Babu yake Walter alikuwa mchezaji mwenye jina, baba yake vilevile, na kaka yake Fred alikuja kuwa bingwa wa Australia akiwa bado kijana. Mtoto huyo ni kama alizaliwa na fimbo mkononi.

Akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, Walter alipata ajali na kupoteza ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa mcheza biliadi, kidole hicho ni sehemu ya mshiko. Wengi wangesema mtoto huyu basi tena, atafutiwe kazi nyingine. Baba yake hakusema hivyo. Alimgeuza akamfundisha kupiga kwa mkono wa kushoto, na ule mkono wa kulia wenye kasoro ukawa wa kuiegemeza fimbo mezani.

Baba alikuwa mwalimu mkali. Mtoto alifanya mazoezi saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka, huku familia ikihama mji mmoja hadi mwingine. Kijana alikua akiwa hajui sana mambo ya nje ya chumba cha biliadi, lakini juu ya meza hakukuwa na kitu kilichomshinda.

Mchezo wenyewe ulivyo

Biliadi si sawa na pool tunayoiona mitaani. Meza yake ina urefu wa karibu mita 3.7 na upana wa mita 1.8, na ina mashimo sita. Mipira ni mitatu tu: mmoja wako, mmoja wa mpinzani, na mmoja mwekundu.

Pointi hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuingiza mpira mwingine shimoni. Ya pili ni mpira wako mwenyewe kugonga mwingine kisha kuingia shimoni, jambo ambalo kwenye pool ni kosa lakini kwenye biliadi ni pointi. Ya tatu ni mpira wako kugusa ile mingine miwili kwa pigo moja, na hapo unapata pointi 2. Ukipata pointi unapiga tena. Ukikosa, unampisha mwenzako.

Lindrum aliijua sana hiyo njia ya tatu. Alikuwa akiikusanya mipira yote mitatu kando ya ukingo wa meza, ikikaribiana kama mayai kwenye kiota, kisha anaigusa taratibu. Mipira inasogea kidogo sana, yeye anapata pointi 2, na inabaki pamoja ikimsubiri aiguse tena. Alizunguka nayo ukingoni mguso baada ya mguso, pointi zikipanda kwa mamia. Aliyekaa kiti cha nyuma ukumbini aliona mgongo wa mchezaji tu.

Hata hivyo hakuwa mtu wa polepole. Kwenye rekodi zake imo ya kufikisha pointi 100 kwa sekunde 27 na nusu.

Mwaka wa msiba

Kwa muda mrefu Lindrum hakutoka kwao. Ubingwa wa Australia ulikuwa wa kaka yake Fred, na Walter hakutaka kumnyang'anya ndugu yake cheo hicho, ingawa waliowaona wote wawili walijua nani anamzidi mwenzake.

Mwaka 1929 bingwa wa Uingereza, Willie Smith, alisafiri hadi Australia kupambana naye. Wakapangiwa mechi tatu. Kila mmoja alishinda moja, ikabaki ya kuamua mshindi. Wakati mechi hiyo ikiendelea, Rosie Coates, msichana ambaye Walter alimpenda, alikuwa taabani na kisha akafariki. Walter aliacha mechi akiwa anaongoza.

Kwa kanuni, kombe lilikuwa la Smith. Smith alilikataa. Alikuwa amesafiri kutoka upande mwingine wa dunia, lakini hakutaka ushindi uliotokana na kilio cha mwenzake. Muda mfupi baadaye Lindrum alikubali kwenda Uingereza, kwenye nchi ya Smith na ya mabingwa wengine wote waliohesabika.

Uingereza yatikisika

Katika msimu wake wa kwanza huko, wa 1929 hadi 1930, Lindrum alivuka pointi 1,000 kwa zamu moja mara 67. Zamu yake ndefu kuliko zote msimu huo ilifika pointi 3,262. Ili watu waendelee kununua tiketi, wapinzani wake walianza kupewa pointi maelfu kabla mchezo haujaanza. Ni kama timu ya mpira kuanza mechi ikiwa tayari imefungwa mabao kadhaa. Na bado alikuwa akishinda.

Mwezi Februari 1931 aliitwa kwenye kasri la Buckingham kucheza mbele ya Mfalme George wa Tano. Mfalme alimzawadia vifungo vya mikono ya shati vyenye nembo ya kifalme, na Lindrum alivithamini sana maisha yake yote. Mtoto wa machimbo aliyekatika kidole alikuwa amefika mbele ya mfalme.

Kisha ikaja ile Januari 1932 kwenye ukumbi wa Thurston's, yeye na Joe Davis, na zile pointi 4,137.

Kanuni zabadilishwa

Baada ya hapo wasimamizi wa mchezo waliona wana tatizo. Pesa ya mchezaji ilitoka kwa watazamaji, na mtazamaji hulipa aone mashindano. Kumwangalia mtu mmoja akigusa mipira ukingoni saa nzima, na mwenzake kakaa kimya kwenye kiti, kulikuwa kunachosha.

Mwaka huohuo wa 1932 ikaletwa kanuni mpya. Mchezaji akishafikisha idadi fulani ya pointi kwenye zamu yake, alilazimika kuupeleka mpira wake uvuke mstari uliochorwa karibu na mwisho mmoja wa meza. Kwa namna hiyo ile mipira iliyokusanywa kama mayai ingebidi itengane, na mchezaji aanze upya kuikusanya.

Kanuni hiyo iliwahusu wachezaji wote, lakini kila mtu alijua imemlenga nani. Lindrum alirudi mezani na kujifunza kucheza nayo. Mwaka 1933 alishinda ubingwa wa dunia jijini London kwa kumfunga Joe Davis pointi 21,815 kwa 21,121. Tofauti haikuwa kubwa, maana kanuni ilikuwa imefanya kazi yake, lakini kombe lilikwenda Australia. Mwaka 1934 alilitetea nyumbani, mjini Melbourne, na akabaki na ubingwa huo hadi alipostaafu mwaka 1950.

Alimshinda Davis, Davis akashinda kwingine

Wakati Lindrum anatawala biliadi, Joe Davis alikuwa ameshaona mbali. Tangu mwaka 1927 alikuwa amesaidia kuanzisha mashindano ya dunia ya snuka, mchezo wa meza ileile lakini wenye mipira mingi ya rangi. Mwaka huo wa kwanza Davis alishinda na kupata zawadi ya pauni 6 na shilingi 10 tu. Wachezaji wengi waliudharau.

Lakini snuka ilikuwa na kitu ambacho biliadi ilikuwa imekipoteza. Mipira huingia shimoni na kuisha mezani, mchezo mmoja hauchukui muda mrefu, na hata wa nyuma kabisa anaelewa nani anaongoza. Davis alitwaa ubingwa wa snuka mara 15 mfululizo, hadi 1946, na watazamaji wakahamia huko. Mwaka 1952 mpwa wake Lindrum mwenyewe, Horace, alishinda taji la dunia la snuka.

Si haki kusema Lindrum aliiua biliadi peke yake. Alichofanya ni kuucheza mchezo hadi mwisho wake, mpaka ikaonekana kwamba mtu asiyekosea hana wa kushindana naye, na pasipo na mashindano watu hurudi majumbani.

Fimbo kwa faida ya wengine

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ubingwa ulikuwa wake lakini wa kugombea naye walikuwa wachache. Angeweza kukaa nyumbani. Badala yake alizunguka Australia akicheza maonyesho, na kila fedha iliyopatikana ikaenda kusaidia juhudi za vita na wenye shida. Alicheza maonyesho ya aina hiyo yapata 4,000, na yakakusanya zaidi ya pauni 500,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Serikali ilimtunuku nishani mwaka 1951, na nyingine ya juu zaidi mwaka 1958.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Rekodi zake, ambazo zilifika 57, ziliwachosha watazamaji wa London hadi kanuni zikabadilishwa. Lakini ustadi uleule, mikono ileile, ulipotumika kuchangisha fedha, ukumbi ulijaa na hakuna aliyelalamika kwamba hakosei.

Kaburi lenye meza

Walter Lindrum alifariki tarehe 30 Julai 1960 akiwa safarini Queensland, akiwa na miaka 61. Alizikwa Melbourne. Juu ya kaburi lake wamejenga meza ya biliadi ya mawe, yenye mipira na fimbo juu yake, na wapita njia bado husimama kuitazama.

Hapa kwetu wapo wanaoiona meza ya pool kuwa ni mahali pa kupotezea muda, na wapo wanaopotezea muda hapo kweli. Lakini jioni hii, kwenye moja ya meza za Mpanda, kuna kijana anayeinama na fimbo akijaribu kutokosea. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, katika mji mwingine wa dhahabu, mtoto mwenye kidole kilichokatika alikuwa akijaribu hivyohivyo kwa mkono wake wa kushoto.