Bwana Milne na Matetemeko ya Ardhi

Sisi wa Bugwema tunaijua Bukoba. Mji huo uko ng'ambo ya Ziwa Viktoria, upande wa machweo. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka huko. Nyumba nyingi zilianguka na watu zaidi ya 15 walikufa. Tetemeko lilisikika hata Uganda, Rwanda na Kenya. Baada ya muda mfupi wataalamu wa nchi za mbali walitaja mahali lilipoanzia. Walitaja na nguvu zake: 5.9. Walijuaje, na wengi wao hawajafika Bukoba? Tusome habari za John Milne.

Milne alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1850. Alisomea kazi ya migodi na mawe. Mwaka 1875 serikali ya Japani ilimwita akafundishe katika chuo cha mjini Tokyo. Hakwenda kwa meli njia yote. Sehemu kubwa alipita nchi kavu, akavuka Urusi na Siberia wakati wa baridi kali, na safari ikachukua zaidi ya miezi 6. Husimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza mjini Tokyo ardhi ilitetemeka.

Japani ni nchi ya matetemeko. Mwezi wa Februari 1880 mji wa Yokohama ulitikiswa sana. Mwaka huohuo Wajapani na wageni waliunda chama cha kuchunguza matetemeko. Mwenyekiti wake alikuwa Mjapani, Bwana Hattori, na Milne alikuwa makamu wake.

Milne alitaka kujua matetemeko yanatoka wapi. Alianza kwa njia rahisi sana. Aliwapelekea maofisa wa miji iliyozunguka Tokyo vifurushi vya postikadi. Kila wiki ofisa aliandika kama ardhi imetetemeka, kisha akaipeleka kadi posta. Kadi zilipokusanywa, Milne aliona kwamba mitikisiko mingi ilitoka upande wa kaskazini na mashariki. Mingi ilianzia chini ya bahari. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Ilifanywa kwa kalamu tu, na watu waliojua kuandika.

Lakini mtu hulala, na mitikisiko midogo haihisi. Ilitakiwa chombo kisicholala. Milne alikitafuta pamoja na Waingereza wenzake wawili, Ewing na Gray. Si haki kumpa yeye peke yake sifa yote.

Funga jiwe zito kwa kamba, ulininginize, kisha sogeza mkono ghafla. Mkono unakwenda, jiwe linachelewa. Aliyepata kusimama ndani ya lori analijua jambo hili. Lori likiondoka ghafla, miguu inakwenda na kiwiliwili kinabaki nyuma. Chombo cha Milne kilifanya kazi hivyo. Kilikuwa na nguzo, na ufito uliolala ukishikwa na nguzo hiyo, kama mlango wa zizi. Juu ya ufito kulikuwa na kitu kizito. Nguzo ilipotikisika pamoja na ardhi, kile kitu kizito kilichelewa. Mwanga wa taa uliandika mchezo huo juu ya karatasi ya picha, iliyovutwa polepole na saa. Ardhi ilipotulia, mstari ulinyooka. Ilipotetemeka, mstari uliharibika.

Vyombo vya leo vingine havizidi ukubwa wa ndoo. Hufukiwa shimoni, mbali na barabara na miti mikubwa, maana hata mti ukiyumba kwa upepo chombo huandika. Kando yake kuna sanduku la kutunzia kumbukumbu, lenye betri na paneli ya jua. Mwaka 1994 na 1995 vyombo vya namna hii viliwekwa sehemu mbalimbali za Tanzania. Ukiona sanduku kama hilo, usidhani limefunika dhahabu.

Tetemeko hutoa mitikisiko ya namna mbili. Mmoja huenda mbio, wa pili hufuata polepole. Ni kama radi: kwanza unaona mwanga, kisha unasikia ngurumo. Ukichelewa kusikia ngurumo, unajua radi iko mbali. Wataalamu hupima nafasi kati ya mitikisiko miwili, wakapata umbali. Vyombo vitatu vya mahali mbalimbali vikipimwa, mwanzo wa tetemeko hujulikana.

Mwaka 1889 Mjerumani mmoja, von Rebeur-Paschwitz, aliona alama ngeni kwenye chombo chake huko Potsdam. Ilikuwa alama ya tetemeko la Japani! Basi ikajulikana kwamba mtikisiko hupita hata chini ya mabara.

Oktoba 1891 tetemeko kubwa la Japani liliua watu zaidi ya 7,000. Milne alikwenda kuangalia uharibifu. Mwaka 1895 nyumba yake ya Tokyo iliungua, na vitabu na vyombo vyake vikateketea. Alirudi Uingereza pamoja na mkewe Tone, Mjapani wa mji wa Hakodate. Walikaa Shide, katika kisiwa cha Wight. Hapo alianza upya. Vyombo vyake viliwekwa katika vituo zaidi ya 30 duniani, vikiwamo vya Cape Town, Mauritius na Bombay. Habari zote zililetwa Shide kwa posta, kama zile kadi za zamani.

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la nguvu zipatazo 7.4 lilitokea upande wa Rukwa, nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani. Vyombo vya nchi za mbali viliandika alama zake. Hadi leo ni mojawapo ya matetemeko makubwa yaliyopimwa Afrika Mashariki.

Milne alikufa kwa ugonjwa wa figo tarehe 31 Julai 1913. Vita Kuu ilipokwisha, Tone alirudi kwao Japani, na huko alifariki mwaka 1926.