Alexander Graham Bell: Mzee wa Simu Aliyeisikia Sauti ya Mwanga



Nikiulizwa nasomea nini hapa Marekani, huwa najibu kwamba napiga tando nyembamba za metali kwa leza, halafu nasikiliza mwangwi wake. Wengi hucheka. Leza na mwangwi, wapi na wapi? Kumbe mtu aliyegundua kwamba mwanga unaweza kuzaa sauti tunamjua sote: ni yule mzee wa simu, Alexander Graham Bell. Habari za simu zimeandikwa mno, kwa hiyo nitazipita haraka, nikae zaidi kwenye zile zisizosemwa sana.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Baba na babu yake walikuwa walimu wa matamshi, na mama yake alikuwa karibu kiziwi kabisa. Ndugu zake wawili walikufa kwa kifua kikuu, ndipo mwaka 1870 wazazi wakahamia Kanada pamoja naye, wakitumaini kumwokoa huyu aliyebaki. Mwaka uliofuata akaenda Boston kufundisha watoto viziwi kuongea kwa mdomo. Mwanafunzi wake mmoja, Mabel Hubbard, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka mitano, alikuja kuwa mke wake mwaka 1877. Hataza ya simu aliipata tarehe 7 Machi 1876, ndiyo kwanza ametimiza miaka 29.

Wengi hufunga kitabu hapo. Lakini mwaka 1880, huko Washington, Bell na fundi wake Charles Sumner Tainter walitengeneza fotofoni, yaani simu isiyo na waya. Msemaji anasema nyuma ya kioo chembamba, kioo kinatetemeka, na mwanga wa jua unaoakisiwa nacho unabadilika kufuata sauti. Upande wa pili kuna kipande cha seleniamu, ambacho hupitisha umeme zaidi kikipata mwanga, nacho kinaurudisha ule mwanga kuwa maneno. Walifikisha sauti umbali wa mita 213 hivi, kutoka paa la shule hadi dirisha la maabara. Bell aliiona kazi hii kuwa kubwa kuliko simu. Inasimuliwa hata alitaka binti yake aliyezaliwa mwaka huo aitwe Photophone! Mama mtoto akakataa katakata, mtoto akaitwa Marian. Biashara nayo haikupatikana, maana wingu likipita tu, mazungumzo yamekwisha.

Katika majaribio hayo wakaona jambo jingine. Walipoukatakata mwanga kwa sahani yenye matundu inayozunguka, vitu vyenyewe vilitoa sauti, bila umeme wowote. Vitu vyeusi vilisikika zaidi, na masizi yalikuwa hodari. Sababu yake ni rahisi: kitu kikipigwa na mwanga kinapata joto, ukikatika kinapoa, na hewa inayokigusa inatanuka na kusinyaa. Huko kusukumana ndiko sauti. Bell aliyaandika hayo mwaka 1881, kisha jambo likalala karibu miaka 90.

Liliamshwa na leza, iliyopatikana mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 1980, Humphrey Maris na wenzake wa Brown University walianza kupiga tando kwa mapigo mafupi kuliko pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Utando ukipigwa hivyo unatanuka ghafla, wimbi la sauti linazama ndani, linagonga chini na kurudi. Likifika juu linabadilisha kidogo jinsi utando unavyoakisi mwanga, na pigo la pili, hafifu, linalinasa badiliko hilo. Kulichelewesha pigo la pili kwa pikosekunde moja inatosha kusogeza kioo nyuma milimita 0.15. Sasa hesabu: ndani ya alumini sauti hukimbia kama nanomita 6.4 kwa pikosekunde. Mwangwi ukirudi baada ya pikosekunde 31, utando una unene wa nanomita 100 hivi. Unywele wa kichwa ni mnene mara mamia kuliko huo! Viwanda vya chipu za kompyuta hupima tabaka za metali kwa njia hii, bila kuzikwaruza.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Mwaka 1883 mtu huyuhuyu alisoma mbele ya wanasayansi wa Marekani andiko lililoonya kwamba viziwi wakioana wao kwa wao, watazaa jamii ya viziwi. Sheria ya kuwakataza hakuipendekeza, ila alitaka watengwe kidogo kidogo na lugha yao ya alama, watoto wafundishwe kusoma midomo tu. Washington hapohapo palikuwa na chuo cha viziwi, leo Gallaudet University, ambako alama zilitumika kufundishia, na mkuu wake alimpinga wazi. Bell hakubadilika. Kwa miongo mingi watoto katika shule nyingi walikatazwa kutumia mikono yao kusema, na viziwi wengi hawajamsamehe hadi leo. Kwetu Afrika Mashariki upepo umegeuka: katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge.

Bell alifariki Nova Scotia, Kanada, tarehe 2 Agosti 1922. Siku ya maziko simu za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Mimi namheshimu mzee huyu, kila siku nafanya kazi juu ya msingi wake. Ila nikimsoma najiuliza: mtu aliyesikia hadi masizi yakilia juani, alishindwaje kuwasikia viziwi waliomwambia kwamba lugha wanayo tayari? Sisi wahandisi tunaorudi nyumbani na miradi ya kuwasaidia watu, tuanze kwa kuwauliza wenyewe.

Kwa leo naishia hapa.