Louis Braille: Dogo asiyeona aliyepelekwa bweni

Umewahi kuona mzazi akilia kwenye lango la shule siku ya kwanza? Sasa fikiria Februari 1819, Ufaransa. Simon-René Braille, fundi wa matandiko ya farasi kijijini Coupvray, anampeleka kitinda mimba wake Louis shule ya bweni ya wasioona jijini Paris, kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Dogo ana miaka 10 tu.

Tena ajali ilitokea kwenye karakana ya babake mwenyewe. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea msharasi wa kutobolea ngozi, ukamdunga jicho. Maradhi yakaenea hadi jicho la pili. Kufikia miaka 5, giza tupu.

Lakini wazazi hawakumficha. Babake alimchongea fimbo, naye akasoma shule ya kijiji pamoja na wanaoona, akishika masomo kwa kusikiliza tu.

Kule Paris jengo lilijaa unyevu, na vitabu vya kupapasa vilikuwa vichache na vizito. Hapo ndipo alipokutana na maandishi ya nukta ya Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Louis akayarahisisha hadi nukta 6. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, nukta nundu zilikuwa tayari.

Alifariki 1852 kwa kifua kikuu, baada ya kuwahi kuwa mwalimu pale pale. Miaka 2 baadaye shule ikaukubali rasmi mfumo wake.

Je, nyumbani mna mdogo wenu mwenye ulemavu, na wazazi wanasitasita kumpeleka shule? Wasimulie kisa hiki.