Christian Doppler na Sauti ya Gari Lipitalo

Kila mwanafunzi wa bweni amekwisha kusikia basi likipita barabarani usiku huku likipiga honi. Linapokuja, sauti huwa nyembamba. Likishatupita, mara huwa nzito. Lakini dereva mwenyewe hasikii badiliko lo lote. Mtu aliyeeleza jambo hili ni Christian Doppler.

Alizaliwa Salzburg, nchi ya Austria, tarehe 29 Novemba, 1803. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, lakini mtoto huyu alikuwa dhaifu wa mwili, hakuiweza kazi ile. Basi akasoma hesabu. Baada ya masomo alihangaika kutafuta kazi ya ualimu, hata akawa karani wa kiwanda cha pamba. Alikuwa karibu kuhamia Marekani, ndipo mwaka 1835 akapata kazi ya kufundisha mjini Prague.

Mwaka 1842 aliwaeleza wataalamu wa Prague kwamba kitu kitoacho sauti kikienda mbio, mawimbi yake husongamana mbele na kuachana nyuma. Alidhani pia kuwa rangi za nyota hutokana na mwendo wake, hapo alikosea.

Buys Ballot, mtaalamu wa Uholanzi, alimtilia shaka. Mwaka 1845 aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari la moshi karibu na Utrecht, na wanamuziki wengine wakasimama kando ya reli kusikiliza. Mwezi wa Februari baridi na theluji viliharibu jaribio. Alirudia Juni, na masikio yao yakathibitisha kwamba Doppler alisema kweli juu ya sauti.

Siku hizi wahandisi wakitaka kujua kelele ya treni iendayo kasi yatoka wapi, kama ni magurudumu au upepo, hupanga maikrofoni nyingi kando ya reli. Sauti hufikia kila moja kwa wakati mbalimbali kidogo, na tofauti hiyo huonyesha ilikotoka. Lakini ni lazima waondoe kwa hesabu badiliko lile la Doppler, ama sivyo watapotea.

Doppler alifariki Venice tarehe 17 Machi, 1853, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka 49. Aliyemtilia shaka ndiye aliyempa ushahidi. Nasi wanafunzi tusichukie kuulizwa maswali. Kweli haiogopi kupimwa.